Ajali Haina Kinga, Lakini Mzigo Una Kamba



Siku moja ya Mfungo Mosi, mwezi ambao kwetu pwani hauishi harusi, tulikuwa tukitoka Kilifi kurudi Mombasa baada ya sala ya alasiri. Mbele yetu ilikuwa pikapu iliyobeba vyombo vya bibi harusi: kabati la nguo lenye kioo, kitanda kilichofunguliwa vipande, viti, masufuria, na juu ya vyote hivyo magodoro mawili makubwa. Hatukuona kamba hata moja. Tulichokiona ni mtoto wa kiume, umri wake kiasi cha miaka 12, amelala kifudifudi juu ya magodoro, mikono na miguu ameitanua, kazi yake ikiwa ni kuyazuia yasipeperuke. Kila pikapu ilipopata kasi, godoro la juu liliinuka upande wa mbele na mtoto naye akainuka pamoja nalo, kisha wote wawili wakarudi chini. Mwenyewe alikuwa akicheka. Sisi tuliokuwa nyuma hatukuona la kuchekesha.

Pikapu iliposimama Mtwapa kutia mafuta, tulishuka tukamsalimu dereva, tukamwuliza kwa upole ni kwa nini amemfanya mwana kuwa kamba. Alikuwa kijana mwenye adabu zake, wala hakukasirika. Alitujibu: "Shekhe wangu, twaenda Kisauni tu hapo, na mimi naendesha polepole. Na zaidi ya hayo, ajali haina kinga."

Jawabu hilo ndilo lililotufanya tuache maudhui tuliyokuwa tumeyaandaa kwa mwezi huu tuandike haya. Maana si kijana yule peke yake asemaye hivyo. Neno hili twalisikia bandarini, twalisikia katika vituo vya matatu, twalisikia matangani, na aghalabu lasemwa na mtu ambaye lau angalitumia dakika kumi kabla ya safari, asingalihitaji kulisema baada yake.

Na tulitazame neno lenyewe. "Ajali" asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni muda uliowekwa, yaani siku ambayo mja amekadiriwa kufikiwa na mauti. Kwa maana hiyo methali ni kweli tupu: muda ukifika hapana ngome wala tabibu wa kuurudisha nyuma. Walakini katika mazungumzo ya leo neno hilo limekuwa jina la mgongano wenyewe, la gari kupinduka, la gunia kuanguka njiani, la kontena kumlalia mpita njia. Hapo ndipo methali ilipoponyoka ikawa udhuru. Mtu achukua kauli iliyosemwa juu ya kadari ya Mwenyezi Mungu, akaivisha kamba iliyooza. Muda wa mtu haujui mtu. Lakini fundo la kamba twalijua, na aliyeacha kulifunga ajijua.

Wasomaji wetu wanaijua hadithi iliyopokewa na Imamu Tirmidhi, ya mtu aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache huru na kumtegemea Mungu. Aliamrishwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Twaisoma hadithi hii katika mikutano ya mitihani ya skuli na katika nasaha za biashara, nasi huisahau mahali ambapo yafaa kama ilivyosemwa, neno kwa neno, nayo ni mahali pa kumfunga mnyama wa kubebea mizigo. Ngamia wa zama zetu ni lori, pikapu, tuktuk na bodaboda.

Ama sheria ya serikali, wengi wadhani kwamba mzigo usiofungwa ni kosa dogo la kumalizana na askari kando ya njia. Sivyo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 56 yakataza kutumia barabarani gari lililopakiwa kwa namna ya kuwahatarisha watu wengine watumiao njia, au wale waliomo ndani yake. Nacho kifungu kinachotangulia, cha 55, chataka gari lenyewe na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha mtu. Anayevunja kimojawapo, kifungu cha 58 chamwekea adhabu isiyozidi faini ya shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili pamoja. Na tafadhali msomaji utazame kwamba sheria haikumtaja dereva peke yake. Yamtaja anayeliendesha gari na anayelitumia. Tajiri aliyeketi dukani akaagiza lori lake lijazwe mpaka likayumba, asijione kuwa yuko mbali.

Jambo ambalo wachache walijua ni hili. Kifungu hicho hicho cha 56 chasema kwamba mzigo, au sehemu ya mzigo, ukianguka njiani, kule kuanguka kwenyewe ni ushahidi kwamba gari lilipakiwa kwa hatari, mpaka ithibitishwe kinyume chake. Yaani hakimu hatasubiri mpaka mtu aumizwe, wala askari hahitaji kuja na mashahidi walioshuhudia jinsi ulivyofunga. Gunia limelala kwenye lami. Gunia limekwisha kusema. Ni wewe sasa wa kueleza kwamba ulifunga barabara na jambo jingine ndilo lililoliangusha. Basi kijana yule wa Mtwapa, mbele ya hakimu, angesema nini? Kwamba alikuwa na mtoto juu yake?

Na ikiwa mtu amekufa, mlango mwingine wafunguka. Kifungu cha 46 chamhusu anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa namna ya hatari, au kwa kuliacha gari barabarani mahali, au kwa jinsi, au katika hali ya kuwahatarisha watu. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Maneno hayo ya mwisho, ya kuliacha gari, tutayarudia baadaye kidogo. Wasomaji wetu wa Tanzania nao wana Sheria yao ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na yawapasa waisome kama sisi tuisomavyo yetu.

Mtu aweza kusema kwamba adhabu hizi ni za ukali mno kwa sababu ya kamba. Twamjibu kwa kisa cha Marekani. Katika jimbo la Washington, mwezi wa Februari mwaka 2004, mwanamke kijana alikuwa akiendesha motokaa yake usiku katika barabara kuu karibu na mji wa Renton. Ubao wa samani ulianguka kutoka katika tela ya mtu aliyekuwa akihama, ukapenya kioo cha mbele ukampiga usoni. Alinusurika, lakini alipoteza macho yake yote mawili. Zingatieni kwamba si lori la magogo lililomfanyia hivyo, wala si dereva mlevi. Ni kipande cha samani ya nyumbani, cha mtu aliyekuwa akihamisha vyombo vyake kama sote tuhamishavyo. Wakati ule sheria za pale hazikulihesabu jambo hilo kuwa jinai. Mama yake hakunyamaza, na mwaka 2005 jimbo likapitisha sheria mpya: asiyefunga mzigo wake akamjeruhi mtu vibaya aweza kufungwa jela hadi karibu mwaka mzima na kutozwa dola 5,000. Sheria ile haikurudisha macho.

Sasa tuje kwenye fiqhi, maana wako wanaodhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu na polisi, na kwamba vitabu vyetu havikuyajua. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomwa katika darsa za pwani hii na wazee wetu na wazee wa wazee wetu, mna suala la mtu aliyebeba kuni mgongoni, au juu ya mnyama. Akikwaruza nayo jengo likaanguka, alipa. Akiingia nayo sokoni penye msongamano ikadhuru nafsi au mali, alipa. Ikiwa hapana msongamano, na aliyechanikiwa nguo alikuwa akiuona mzigo ukimjia, halipi. Lakini kipofu, na mtu aliyempa mgongo, hao yampasa awaonye kwanza. Tulipoisoma habari hii upya baada ya siku ile ya Mtwapa tulistaajabu. Mwanachuoni aliyekufa mwaka 1277 ametenga hukumu ya aonaye mzigo na hukumu ya asiyeuona. Nasi twajiuliza, ni nani katika barabara zetu aliyetoa mgongo zaidi kuliko bibi aendaye kwa miguu kando ya lami, naye nyuma yake laja lori lenye nondo zinazotokeza?

Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Brunei na kulitazama suala hili la ajali za barabarani. Liliamua kwamba kanuni za trafiki zisizopingana na sheria ya Kiislamu ni wajibu kuzifuata, na kwamba dereva yu dhamana wa madhara anayowafanyia wengine, katika miili yao au mali zao, likipatikana kosa na likipatikana dhara. Huondokewa na dhamana hiyo kwa mambo machache, na la kwanza ni pale anapozidiwa na nguvu asiyoweza kuikinga wala kujilinda nayo. Hapa ndipo pambanuo la methali yetu lilipo. Upepo wa kimbunga ni nguvu isiyokingika. Upepo ambao gari lenyewe laufanya kwa kwenda, kila siku, katika kila safari, si kimbunga.

Na mwenye kumwua mtu kwa kukosea, Qur'ani katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, imemwekea mambo mawili: fidia kwa warithi wa maiti, isipokuwa wasamehe wao, na kafara. Kafara hiyo, kwa asiyeweza kumwacha huru mtumwa, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Siku 60, au karibu na hizo, bila ya kukatiza. Serikali yaweza kumtoza faini akalipa akaenda zake, na familia ya maiti yaweza kusamehe kwa wema wao, lakini saumu ile ni baina yake na Mola wake, wala hailipi bima. Twawasihi vijana wetu wanaoendesha magari ya watu wayafikirie haya wanapoambiwa na mwenye gari "twende tu".

Labda sasa yatupasa kueleza ni kwa nini mzigo mzito hautulii kwa uzito wake, maana hilo nalo ni kosa la watu wengi. Husema: "Kabati hili ni zito, litakwenda wapi?" Gari likienda, kila kilichomo chaenda pamoja nalo kwa kasi ile ile. Breki zikishikwa, gari ndilo lililoamrishwa kusimama. Kabati halikuamrishwa na mtu. Litaendelea mbele mpaka likutane na kitu cha kulizuia, nacho ikiwa si kamba kitakuwa kioo cha nyuma cha chumba cha dereva, na ikiwa si kioo kitakuwa kichwa chake. Na kadiri lilivyo zito ndivyo litakavyosukuma kwa nguvu zaidi. Katika nchi za Ulaya na Marekani kanuni ya wafungaji mizigo ni kwamba kamba na minyororo iweze kuuzuia mzigo kwa nguvu ya nane ya kumi ya uzito wake upande wa mbele, na nusu ya uzito upande wa nyuma na pande mbili za ubavuni. Maana yake ni kwamba mzigo wa kilo 1,000 wafungwa kama vile utavutwa mbele kwa kilo 800 na ubavuni kwa kilo 500. Mtoto wa kilo 30 hawezi kufanya kazi hiyo.

Na vitu vyepesi vina hila yao. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, lapita mita 22 kila sekunde, na upepo uingiao chini ya godoro la watu wawili waweza kuliinua kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima. Wazee wetu mabaharia wasingehitaji hesabu hiyo, maana godoro lililonyanyuka mbele ni tanga. Nahodha wa jahazi alikuwa hang'oi nanga mpaka ameona farumi imelala sawa na shehena imebanwa, na alijua kwamba chombo hakizamishwi na uzito ila uzito unaohama. Wajukuu wa manahodha hao ndio wanaopita na mchanga usiofunikwa turubai, wakimwaga changarawe katika vioo vya wanaowafuata. Elimu ile imekwenda wapi?

Hali ya makontena yatokayo bandari ya Kilindini ni kubwa kuliko ukurasa wetu, nasi tutaigusa tu. Kontena huketi juu ya tela kwa vifungo vinne, kimoja katika kila pembe, navyo vyataka kuzungushwa kwa mkono mpaka vishike. Dereva mwenye haraka huviacha wazi, akijiambia kwamba chuma kile ni kizito mno kuanguka. Katika kona, au katika mzunguko wa barabara ulioinama, kontena laondoka na tela yabaki. Aliye ubavuni mwake ni mwendesha bodaboda na abiria wake. Sisi tukiendesha karibu na tela hizo hatukai ubavuni. Ama tupite upesi, ama tubaki nyuma sana, nasi twawashauri wasomaji wafanye hivyo.

Tulisema tutarudia habari ya gari lililoachwa. Gari lenyewe ni mzigo, nalo lataka kufungwa. Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019, jioni, katika kivuko cha Likoni, motokaa iliyokuwa ndani ya feri ilirudi nyuma ikatumbukia baharini, ndani yake mkiwa mama na binti yake mdogo. Watu waliokuwamo waliona kwa macho yao na wengine wakapiga picha. Ilichukua mpaka tarehe 11 Oktoba motokaa ile kutolewa kutoka katika kina cha zaidi ya mita 50, na mama na mwanawe walikuwamo. Mola awarehemu na awape watu wao subira. Sisi hatuandiki haya kumhukumu mtu, hai wala maiti, wala hatujui mama yule alijitahidi nini katika sekunde zile. Twaandika kwa sababu kila mmoja wetu wa Mombasa amewahi kukaa katika motokaa juu ya feri hiyo, mbele au nyuma yake pana maji, akazungumza katika simu. Kile ambacho twakishika siku hizi ni hiki: breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho, gia imetiwa, mguu uko juu ya breki, vioo vimeshushwa, na kabari au kitu cha kuzuia kimewekwa nyuma ya gurudumu kila kinapopatikana. Na msafiri anayeona ya kwamba kizuizi cha mwisho wa feri hakikuinuliwa, apige kelele bila ya haya.

Kwenye nchi kavu mambo ni yale yale ila maji hayapo. Lori lililoharibika katika mlima huzuiliwa kwa mawe chini ya magurudumu, na hilo ni jema. Lakini likishatengenezwa laondoka, na mawe yabaki pale pale kwenye lami kumsubiri wa usiku. Kuondoa chenye udhia njiani kumehesabiwa na Mtume (s.a.w.) kuwa ni sehemu ya imani. Ni nini basi hukumu ya aliyekileta mwenyewe akakiacha? Kadhalika twawaomba wazazi wasiwaache watoto wachezee ndani ya gari lililoegeshwa penye mteremko, hata uwe mdogo, maana mkono wa mtoto waweza kuitoa gia.

Tumezungumza juu ya malori, na huenda baadhi ya wasomaji wetu, khasa wa nyumbani, wamejiona wako salama. Ingieni pamoja nasi katika motokaa ya familia iendayo Malindi kutazama jamaa siku ya Iddi. Nyuma ya viti pana mtungi wa gesi, sufuria la biriani, na sanduku la chuma la kijana anayerudi skuli ya bweni. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa ikigonga ukuta ikasimama katika nusu mita, kila kisichofungwa ndani yake chasukuma mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Sanduku la kilo 10 ni kama kilo 200. Na mtoto mchanga wa kilo 10 aliyepakatwa na mama yake kiti cha mbele, naye ni kama kilo 200. Hakuna mama mwenye mikono ya kuzuia kilo 200, hata awe na mapenzi kiasi gani. Tangu mwaka 2004, zilipoanza kutekelezwa kanuni za waziri John Michuki, Wakenya wengi wameujua mkanda kuwa ni kitu cha kuvaliwa askari anapoonekana, na kufunguliwa anapopitwa. Mtoto apatiwe kiti chake kilichofungwa, nyuma. Sanduku na mtungi vibanwe sakafuni, nyuma ya kiti, visiwekwe juu ya rafu ya dirisha la nyuma.

Ama kufunga wenyewe si elimu ngumu. Kizito kikae chini na mbele, kikiegemea ukuta wa pikapu, chepesi kikae juu yake. Mianya ijazwe, maana kitu chenye nafasi ya kutembea kitatembea. Kamba moja haitoshi, kwa kuwa ikikatika hapana ya pili. Ziwe mbili angalau, zipite juu ya mzigo na kufungwa katika vyuma vya gari, wala si katika mlango au taa. Penye ukingo mkali wekeni kitambaa au kipande cha mpira chini ya kamba usiikate. Kamba ya katani iliyolowa mvua ikakauka mara nyingi, tena imekaa mwaka mzima juani, haina nguvu yake ya kwanza, na aitazamaye ataona nyuzi zake zikikatika; hiyo ni ya kuanikia nguo. Mikanda mipana yenye kikazio chake ni bora kuliko kamba zote, na fundi wa malori atawaonyesha inavyokazwa. Kinachotokeza nyuma kifungwe kitambaa chekundu, na usiku kiwekewe taa. Kisha, na hili ndilo linaloachwa na wengi, simameni baada ya kilomita chache mshuke mkaze tena. Mzigo hujishindilia kwa mtikisiko, na kamba iliyokuwa imekazika nyumbani huwa imelegea mkifika barabara kuu.

Asitudanganye mtu kwamba ni karibu. Pikapu ya Kisauni yapita katika barabara ile ile ipitayo basi la Lamu.

Tumebakisha kuwaelezeni yaliyotokea Mtwapa. Tulizungumza na kijana yule kwa muda, kuhusu methali na kuhusu faini, na la faini alilisikiliza zaidi, hatumlaumu. Mwishowe aliinama akainua kiti cha pikapu yake, na chini ya kiti mlikuwa na kamba mbili nzima za nailoni. Alizinunua yeye mwenyewe, alitwambia, mwaka uliopita. Utingo wake na sisi tukasaidiana, na kazi yote ilikuwa fupi kuliko mazungumzo yaliyoitangulia. Kioo cha kabati tulikigeuza kikatazama ndani, tukakifunika kwa shuka. Mtoto alisimama kando akitutazama, na kazi ilipokwisha akamwuliza dereva, ambaye kumbe ni ami yake, kwamba sasa yeye atakaa wapi. Ndani palikuwa na nafasi moja, nayo ilikuwa ya utingo. Utingo alipanda matatu.